Mama Alifunga Ndoa Nikiwa Mtu Mzima

Nilipokuwa mdogo nilidhani kila kanisa lina watu wake wa kubaki kwenye benchi. Wakati wa Komunyo, safu yetu ikiinuka, Mama alikunja miguu pembeni ili wengine wapite, akakumbatia pochi yake na kufumba macho. Papa, baba yangu, alibaki naye. Mimi nilienda mbele na jirani yetu, mikono nimeikunja kifuani, padri akanigusa paji la uso kwa baraka, nikarudi. Nilimkuta Mama vilevile, midomo ikichezacheza bila sauti.

Tuliishi mtaa wa Observatory, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani la matofali mekundu. Mama alikuwa msusi katika soko la Yeoville, na Papa alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka jirani. Wote wawili walitoka Bukavu, Kongo. Mimi nilizaliwa hapa Johannesburg. Shuleni nilizungumza Kiingereza na Kizulu, lakini nyumbani, ukimsemesha Mama kwa Kiingereza, alikutazama kama mtu anayesubiri basi, mpaka ulipolisema upya neno lako kwa Kiswahili.

Jumamosi ilikuwa siku ya vitambaa vya altare. Mama alivileta nyumbani kutoka sakristia, chumba cha vyombo vya misa: vile vidogo ambavyo padri hupangusia kalisi, kikombe cha divai, na kile cha mraba kinachotandikwa chini yake. Aliviloweka kwenye beseni jeupe ambalo halikutumika kwa kazi nyingine yoyote. Maji ya kwanza hayakumwagwa kwenye sinki. Aliyabeba akashuka nayo ngazi zote mpaka kwenye kipande cha bustani mbele ya jengo, akayamwaga taratibu kwenye udongo, chini ya mawaridi.

"Labda imebaki chembe ya Mwili wa Bwana," aliniambia. "Haiwezi kwenda na maji machafu ya watu."

Mlinzi wa jengo, mzee wa Kizulu, aliwahi kumuuliza kwa nini anahangaika hivyo na bomba liko jikoni. Mama alimweleza. Mzee akavua kofia yake na kuitazama ile bustani, na tangu siku hiyo hakuruhusu mtu kutupa kichungi cha sigara pale.

Kisha ulikuja wanga, ikaja pasi. Mpaka leo nikisikia harufu ya pamba yenye unyevu inayoguswa na pasi ya moto, nakiona chumba kile: redio iko chini, Papa anasinzia kwenye kiti, Mama anaukunja ule mraba mara tatu huku na mara tatu kule, kama vile ndani yake kuna kitu kilicholala.

Mwaka nilipopokea Komunyo ya kwanza ndipo nilipomuuliza.

"Mama, kwa nini wewe huendi?"

"Mimi na Papa yako hatujafunga ndoa."

"Lakini mnaishi pamoja."

"Ndiyo sababu."

Habari yote niliipata kidogo kidogo. Babu, baba yake Mama, alikuwa sakristani, mtunzaji wa vyombo vya misa, katika parokia yao huko Bukavu, na ndiye aliyemfundisha kufua vile vitambaa. Papa alipomtaka Mama, Babu alisema wazee wa upande wa Papa waje kwanza nyumbani, wakae, waongee, ndipo waende kwa padri. Vita vikaingia kati. Papa alikimbilia Afrika Kusini, na Mama hakuwangoja wazee, alimfuata. Babu aliagiza jina la Mama lisitajwe tena nyumbani kwake.

Papa hakuwa mkaidi. Kila Kwaresima ilipofika alimuuliza Mama kama mwaka huu waende wakaandikishe ndoa. Hata padri wetu aliwahi kumwambia Mama kule sakristia, mimi nikiwa nimeshika kikapu cha vitambaa, kwamba kanisa halidai ruhusa ya baba yake. Wao ni watu wazima, waje tu. Mama alimjibu kwa Kiingereza chake cha sokoni, kisha akanirudishia maneno yale kwa Kiswahili tukiwa njiani, labda ili ayasikie vizuri yeye mwenyewe.

"Nimemwambia siwezi kupita mbele ya altare kabla sijapita mbele ya baba yangu."

Miaka ikaenda. Nilimaliza shule, nikapata kazi Midrand, katika ofisi ya kampuni ya kusafirisha mizigo. Siku moja wakati wa chakula cha mchana nilikaa ndani ya gari, nikampigia mjomba wangu wa Bukavu kwa WhatsApp. Nilimwomba anipe Babu. Sikuwa nimemwambia Mama.

"Wewe ni nani?" sauti ya kizee iliuliza.

"Mjukuu wako, Babu. Wa Johannesburg."

"Kiswahili nani amekufundisha huko?"

"Mama."

"Na kusali?"

"Mama."

Nikamwambia kwamba hakuna mtu yeyote wa hapa aliyewahi kumwona Mama akipokea Komunyo, na kwamba kila Jumamosi anafua vitambaa vya altare.

"Maji ya kwanza anamwaga wapi?"

"Kwenye udongo. Anashuka nayo ngazi zote."

"Lifti hamna?"

"Ipo, Babu. Iliharibika kabla sijazaliwa."

Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akasema, "Mwambie anipigie." Akajirudi. "Hapana. Nitampigia mimi. Mimi ndiye baba."

Alipiga Jumapili alasiri. Mama alikuwa ananisuka. Alipoisikia ile sauti alishuka kwenye kochi na kupiga magoti kwenye zulia, kitana kikiwa bado kwenye nywele zangu. Hawakusema lolote kubwa. Waliulizana habari za mvua, za nani kafariki na nani kaoa, za mguu wa Babu. Mama aliitika "ndiyo, Baba" mpaka machozi yakamfika shingoni, lakini sauti haikutetemeka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa taratibu zake. Wazee wa upande wa Papa walienda kwa Babu na mbuzi na pombe ya ndizi, wakakaa, wakaongea. Huku kwetu tangazo la ndoa lilisomwa Jumapili tatu, na kila lilipotajwa jina lake Papa alikohoa. Kwa miaka mingi alikuwa ameshona magauni ya maharusi wa watu; sasa alimpima Mama begani na kiunoni kwa utepe, kwa adabu, kama mteja mgeni. Mama alikwenda kuungama akarudi nyumbani akapika, hakutaka kusemeshwa.

Ndoa ilifungwa Jumamosi asubuhi. Padri aliwaruhusu waseme ahadi zao kwa Kiswahili. Mimi nilisimama pembeni nikiwa nimeelekeza simu kwenye altare, Babu akitazama kutoka Bukavu. Papa alipofika katikati ya maneno yake, sauti ilitoka mkononi mwangu: "Picha imeganda. Sioni, lakini nasikia. Endeleeni."

Kanisa zima likacheka, hata wasiojua Kiswahili. Papa akaanza upya.

Wakati wa Komunyo waliinuka pamoja. Mama alipokea ulimini, kama alivyofundishwa utotoni. Kina mama wa Kikongo walipiga vigelegele, na wale wa Kizulu wakajibu kwa vyao.

Siku hizi vitambaa vya parokia ile vinafuliwa na wanawake wengine, na mimi Jumamosi zangu zinaishia kwenye foleni za maduka. Nazikumbuka zile za zamani kuliko ninavyokumbuka sikukuu.

Babu alifariki msimu wa mvua uliofuata ndoa ile. Mama na Papa walikwenda kumzika. Mama alinisimulia kwamba kaburini Papa alijisogeza nyuma, kwenye kundi la wageni, kwa kuwa hakujua asimame wapi. Wakati wa kubeba jeneza mjomba aliita, "Wakwe, njooni." Hakuna aliyemtazama Papa, wala hakuna aliyemsukuma. Alikaza mkanda wa suruali, akapita katikati ya watu, akaenda kushika upande wa kichwani.