Waliokuja Kuhesabu Ndege Mchafukoge

Harufu ya kahawa ya tangawizi ikichemka alfajiri hunirudisha Mchafukoge, kwenye ghorofa letu la zamani, Jumapili ile walipokuja watu wenye darubini.

Walikuwa vijana wa kujitolea, wakipita mtaa kwa mtaa kuhesabu ndege wa jiji, na waliomba kupanda kwenye paa letu. Lakini nani angesadiki kwamba mtu na akili zake ameacha usingizi ili ahesabu kunguru? Majirani walipoona ramani mikononi mwao, wakajua: hawa wapimaji, jengo linataka kuvunjwa. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikuwa zimeondoka hivyo hivyo. Mzee Salehe, muuza vitambaa wa chini, akasimama kwenye ngazi akaziba njia.

Mama yangu alikuwa mpole, hata bei ya nyanya hakuweza kubishania. Alishuka na buibui lake na birika la kahawa mkononi, akamwamkia Mzee Salehe, akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Baba, nitapanda nao mimi na binti yangu. Wakianza kupima kuta, nitakuita."

Mzee akasogea.

Juu, kunguru walijaa kwenye nyaya wakipiga kelele kama madalali. Dada mmoja wa Upanga, kiongozi wa wale vijana, aliniazima darubini yake. Nikaielekeza kwenye makopo ya rangi ambamo Mama alipanda maua, na hapo nikamwona ndege mdogo kupita kidole gumba cha baba yangu, aking'aa kama mafuta juu ya maji, mdomo umepinda kama sindano ya magunia.

"Huyo ni chozi, ndege mfyonza maua," dada alininong'oneza. "Tumezunguka Kariakoo yote hatujamwona. Umemwona wewe."

Akatia alama kwenye ramani, juu kabisa ya paa letu. Baadaye Mzee Salehe naye alipanda, akihema, akataka kuonyeshwa, na hakushuka mpaka kahawa ikaisha. Wiki nzima nilitembea mtaani kifua mbele.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mama alijuaje kwamba wale hawakuwa wapimaji.

"Sikujua," alisema. "Niliogopa kuliko Salehe. Ndiyo maana nikapanda nikaone."

Mimi miaka yote nilijivunia chozi, kumbe wa kujivunia alikuwa amesimama nyuma yangu, akimimina kahawa.