Uji Kabla ya Dawa

Mwalimu wangu wa famasia alikuwa na sheria moja iliyonichekesha. Kabla hujafungua faili la mgonjwa, alisema, uliza nani anamlisha. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi, kichwa kimejaa hesabu za dozi, nikaona hayo ni mambo ya wapishi.

Januari ya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilinikuta nikijifunza kazi katika wodi ya wagonjwa wa ubongo, hospitali moja mjini Nakuru. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe, na mwalimu alikuwa amekwama kwake Kihoto, Naivasha. Nusu ya wauguzi hawakufika. Kwenye kitanda cha tisa alilala binti wa miaka ishirini hivi kutoka Keringet, aliyepigwa jiwe kichwani siku walipochomewa nyumba. Tangu hapo kifafa kilimshika, kikamwachilia, kikamshika tena kabla hajazinduka. Alipitishiwa mpira puani, na kwa mpira huo alipewa dawa na uji. Mamake ndiye aliyemlisha.

Dawa ile ina kasoro yake: ikikutana na chakula tumboni, hushikana nacho, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Nililijua hilo. Nikamwambia mama harakaharaka, "Mathe, uji na dawa zisikutane. Ngoja masaa mawili kabla, mawili baada. Tumeelewana?"

"Ndio, daktari."

Alisema ndio hata nilipomuuliza binti yake anaitwa nani. Kiswahili hakukijua. Na lugha aliyoijua niliifahamu, kwa sababu alikuwa akimwomba Mungu kwa maneno aliyonilea nayo mama yangu. Lakini wodini mlikuwa na watu wa pande zote mbili, wanaangaliana kitanda kwa kitanda, na mtaani nilikopanga vijana walisimamisha watu na kudai vitambulisho, wajue kabila. Hospitalini nilijulikana kwa jina la ubatizo tu, nalo lilinificha vizuri. Niliogopa. Sina neno lingine la kulipamba hilo.

Kwa siku nne nilipendekeza dozi ipandishwe, na daktari akakubali. Kifafa hakikukoma. Dawa ya sindano ya kukizima ilibaki chupa tatu, na hapakuwa na lori la kuleta nyingine. Nilimchukia kila mtu: daktari, waliofunga barabara, hata waliotengeneza dawa yenyewe. Nilisimama kando ya kitanda nikiomba asishikwe tena, na mikono yake ikaanza tena kutukutika.

Siku ya tano simu ya mwalimu ikapatikana. Nikamsomea dozi zote. Akanikatiza.

"Wewe, nani anamlisha?"

"Mamake."

"Umemwona akimlisha?"

Sikuwa nimemwona. Nikaenda, nikasimama. Muuguzi alipokuja na dawa, mama alimtangulia na kikombe cha uji, akaumimina mpirani. Dawa ikafuata. Kisha mama akamalizia na uji uliobaki. Dawa kali haiendi kwa tumbo tupu. Hata mimi nilifundishwa hivyo nyumbani.

Mficha uchi hazai. Nikainama, nikamweleza kwa lugha yetu, na wodi nzima ikasikia. Akaweka kikombe chini, akanitazama sana.

"Kumbe wewe ni mtoto wetu," alisema. "Siku tano unanipita tu."

Hakuna aliyenigusa. Mgonjwa wa kitanda cha mkabala, wa upande ule mwingine, alinitazama, basi.

Kesho yake jioni kifafa kilikoma. Baada ya siku tatu binti akafungua macho, yakampita mamake yakaenda ukutani, na ikawa hivyo kila siku. Daktari alisema ni lile jiwe. Huenda. Mimi nilikuwa nazihesabu zile siku za uji, na mpaka leo nazihesabu.

Asubuhi moja mama alinishika mkono, akaniuliza kwa lugha yetu, "Ungeniambia siku ya kwanza, angenijua?"

Mgonjwa wa mkabala alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza.

"Sijui, mathe," nikamjibu, kwa Kiswahili.