Mkutano wa Maji Mafu

Miaka minne nilisema vijana wa kijiji hiki hawajali kijiji chao. Nilisema kwenye vikao vya kata, nikasema dukani kwa Velji. Mimi, Manase, ndiye mtendaji wa kijiji, na kulalamika nilikuona ni sehemu ya kazi.

Siku nilipobandika tangazo la mkutano mkuu, Nasma akanifuata ofisini. Ana miaka ishirini na mitatu, analima mwani tangu amalize shule, na ulimi wake hauna breki. Ajenda ilikuwa moja: uwanja wa ufukweni apewe mtu ajenge nyumba ya wageni, au ubaki wa kijiji. Ukienda, Nasma na wenzake hawana tena pa kuanika mwani.

"Shikamoo mtendaji. Jumamosi saa nne hatuji."

"Marahaba. Ndiyo zenu. Halafu uwanja ukienda mtalia."

"Ni bamvua. Saa nne maji yametoka, sote tuko shambani twafunga mwani. Maji huyajui weye?"

Siyajui. Mimi mtu wa Maramba, maji niliyokulia ni ya mvua. Akafungua simu, akanionyesha: mikutano yangu minne iliyopita, mitatu iliangukia bamvua, na wa nne harusi ya mwenzao Samiha.

"Ita wiki inayofuata, maji mafu, hayatoki mbali, kazi hakuna. Vijana niachie miye."

Nilibandua tangazo kwa hasira, maana alikuwa amesema kweli. Mwenyekiti wetu, Mzee Kombo, alinicheka mpaka akakohoa. Kumbe alijua siku zote, ila sikuwahi kumuuliza.

Nasma akapita nyumba hadi nyumba. Waliosema hawana kadi ya kura aliwajibu kwamba huu si uchaguzi: umetimiza miaka kumi na minane na unaishi hapa, basi mkutano ni wako, njoo na mkono wako.

Jumamosi ya maji mafu nilifika mapema nikakuta mabenchi yamejaa. Wasichana wa mwani, vijana wa bodaboda, wavuvi, wengine wamekaa juu ya ndoo. Nasma aliongea dakika tatu tu, bila kumtukana mtu. Tukapiga kura. Mikono niliihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini: tisini na wanne wanataka uwanja ubaki, sitini na mmoja hapana.

Vigelegele vikapasua anga. Nikafunga daftari, nikijua muhtasari nitauandika Jumatatu.

"Samahani mtendaji," Nasma akasema, "andika sasa hivi, hapa, mbele yetu."

Hakuna aliyeondoka. Nikaandika huku vijana wamenizunguka, wanasoma begani kwangu neno kwa neno. Nilipopiga muhuri walishangilia upya, na mimi, ole wangu, nilikuwa nashangilia nao.