Jodak

Neno hilo nilirushiwa mara ya kwanza kisimani, karibu na machimbo ya dhahabu ya Macalder, na msichana ambaye ndoo yake ilikuwa nyuma ya yangu. Jadak. Mmoja ni jadak, wengi ni jodak: watu waliokuja kukaa kwenye ardhi ya wenyeji, ambao wakiambiwa wahame hawana la kujibu. Nilimmwagia maji. Nilifika nyumbani nikamtaka baba aende kwao akadai niombwe radhi. Baba alikuwa fundi cherehani na mzee wa kanisa la Wasabato, na wakati huo alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Alisema msichana huyo hakukosea.

Na kweli hakukosea. Kwetu kulikuwa Sindo, ziwani. Tulihamia upande wa Nyatike mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa sababu wachimba dhahabu huchana suruali kila wakati, na kule hakukuwa na fundi wa maana. Jirani yetu mmoja, mchimbaji, alifiwa na mama yake akawa hana ng'ombe wa kuwachinjia waombolezaji. Baba alimpa mtamba wetu wa pekee, naye akambadilisha sokoni kwa fahali. Yeye alitupa shamba lake tulilime na kukaa humo mpaka siku atakapotuletea mtamba mwingine. Wajaluo huita jambo hilo singo, yaani rehani. Singo haina tarehe. Ila mtu aliyeshika shamba la singo anajua mipaka yake: hapandi miti ya kudumu, wala hamziki mtu wake humo, maana palipo kaburi hapaondolewi mtu tena.

Shamba lenyewe lilikuwa mawe matupu. Mama aliyatoa moja moja, akayapanga kuwa vizuizi vya maji ya mvua, akabeba samadi kichwani kutoka zizi la watu. Misimu ikapita, mtama ukaanza kutuzidi urefu. Lakini mama hakuwa na raha. Alikuwa na miche ya michungwa kwenye mikebe ya mafuta, na kila ilipokua aliihamishia kwenye mikebe mikubwa zaidi, akinung'unika. Mimi pia sikutulia. Kila mgeni aliyekohoa langoni nilidhani amekuja kutufukuza.

Mwenye shamba alikuwa ameteremka mashimoni na kila mtu alijua dhahabu haimtaki. Wazee wenzake baba kanisani wakaanza kumshauri polepole. Mtu huyu hatalipa kamwe, walisema. Panda ua wa minyaa, uzunguke shamba lote, na mama yako kule Sindo ni mgonjwa, mlete amalizie siku zake hapa. Neno kaburi hawakulitaja. Hawakuhitaji.

Sabato iliyofuata baba alisimama kuhubiri, akafungua kitabu cha Walawi. Nilijua tumekwisha. Alieleza mwaka wa kuachiliwa, jinsi shamba lilivyorudi kwa ukoo uliolipoteza, na jinsi bei ilivyohesabiwa kwa mavuno, kwa kuwa anayenunua hanunui udongo, ananunua mavuno tu. Kisha akafika pale Mungu anapowaambia watu wake kwamba ardhi ni yake Yeye, na wao ni wageni na wapangaji tu. Baba alisoma kwa Dholuo, na neno alilotamka mbele ya kanisa zima, kwa sauti ya kujivunia, lilikuwa jodak. Yule msichana wa kisimani alikuwa ameketi mbele yangu. Aligeuka akanitazama. Nilitamani benchi linimeze.

Baada ya ibada wazee walimpa baba mkono bila kumwangalia usoni. Bibi yangu hakuletwa. Alifariki huko Sindo akazikwa kando ya babu, kama ilivyompasa.

Haukupita mwaka, mchimbaji akaja. Hakuwa amepata dhahabu. Dada yake alikuwa ameolewa, na katika ng'ombe wa mahari kulikuwa na mtamba mmoja mwekundu, mwembamba, macho yanatoka machozi. Alimfunga langoni petu akakaa chini bila kuambiwa karibu. Alisema amekuja kukomboa shamba la baba yake.

Mama aliacha kupepeta mtama. Alisema mtamba wetu angekuwa na wajukuu sasa. Alisema shamba tulilolichukua si shamba tunalolirudisha, na kama mtu anabisha aende akayahesabu mawe. Mchimbaji aliinamisha kichwa. Baba alimjibu mama kwamba mavuno ya miaka yote ile tulikula sisi, na kwa hesabu ya Musa huenda sisi ndio tuliozidisha.

"Na mgongo wangu," mama akauliza, "Musa aliuhesabu wapi?"

Baba akasema ardhi si yake wala si ya yule mtu, ila yule ndiye aliyekabidhiwa kwanza ailinde.

"Basi Mwenyewe aje alime," mama akasema, akaingia ndani.

Nilikuwa upande wa mama. Bado niko upande wake. Leo nakaa nyumba ya kupanga mjini Homa Bay, na nikisikia mhubiri anasema mali si kitu, huwa nataka kumuuliza kama ana kiwanja. Lakini baba hakusema mali si kitu. Alisema ni kitu kikubwa mno, ndiyo maana hakipaswi kukwama kwa mtu asiye mwenyewe.

Tulivuna mara ya mwisho. Miche ya michungwa mama alimpa mke wa mchimbaji, kwa uso mkavu. Baba ndiye pekee aliyekuwa na furaha. Alirudia methali ile ile, mkataa kwao mtumwa, akatusimulia shamba aliloachiwa na babu: limeteremka hadi karibu na ziwa, udongo mweusi, mdogo wake analitunza mpaka tutakaporudi. Walikubaliana kwa mdomo, ndugu kwa ndugu. Mama alisikiliza, na nadhani siku hizo za kufunga mizigo alianza kumwamini.

Tulifika Sindo mchana, cherehani ikiwa kwenye mkokoteni, mimi nimebeba kuku miguu juu. Baba mdogo alikuja kutupokea njiani. Hakucheka. Alimshika baba mkono akampeleka moja kwa moja shambani, na sisi tukafuata. Katikati ya ule udongo mweusi kulikuwa na nyumba yake mpya ya mabati, na upande wa kushoto kaburi fupi, limesakafiwa saruji.

Alisema walihama shamba lao kule ufukweni mafuriko yalipobomoa nyumba. Alisema hakujua kama tutarudi kweli. Kisha mtoto akapata malaria.

"Kaka, niambie nimfukue nimpeleke wapi."

Baba alivua kofia. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu anayejua Walawi yote akikosa mstari. Nilimgeukia mama. Nilimngoja aseme yale aliyoyasema kule Macalder, na zaidi, kwa kuwa safari hii haki ilikuwa yetu kabisa.

Mama alitua kapu. Alimwendea mke wa baba mdogo, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta kama anayengoja hukumu, akamwita nyieka, vile wake wa ndugu wanavyoitana kwetu.

"Nyieka, alikuwa ameanza kutembea?"

Yule mama akasema ndiyo, alikuwa ameanza, alikuwa anashikilia ukuta. Wakaketi chini wote wawili kwenye saruji ile wakalia, na baba na ndugu yake wakawa wamesimama wameshikana mabega. Mimi nilibaki na kuku wangu mkononi, nikingoja mtu aseme shamba ni la nani. Hakuna aliyesema, na mpaka leo hakuna aliyesema.