Sauti Iliyotangulia

Shangazi yangu ni mshonaji wa mapazia, na ukimuuliza habari zake atakwambia hayo tu, basi. Hatakwambia kwamba miaka ya sabini aliimba kiitikio cha wimbo ambao mpaka leo ukipigwa harusini, hata mwenye goti bovu anaacha kiti. Anaona haya. Kisa? Aliingia mapema.

Walirekodi katika chumba kimoja, wote wameizunguka maikrofoni moja; wenye sauti kubwa wakasukumwa mpaka mlangoni. Utepe ulikuwa adimu, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudia. Kabla ya kiitikio cha mwisho, gita lilitakiwa lipige peke yake kidogo, ndipo waimbaji waingie pamoja. Shangazi akafumba macho, akanogewa, akaingia peke yake. Mpiga gita, ambaye ndiye mumewe, akaruka nusu ya kipande chake ili amfikie, na wengine wakafuata.

Marehemu mumewe hakumlaumu hata siku moja. Kazi hiyo Shangazi ameifanya mwenyewe miaka yote. Wimbo ukianza redioni, cherehani yake inanguruma kupita kiasi, na mimi najua fika kwamba chini ya sindano hakuna kitambaa. Mtu mzima anashona hewa.

Kinachonikera ni kwamba watu wanapapenda pale pale. Ukumbi mzima unaingia mapema naye, makusudi, mikono juu. Nimemwambia mpaka nimechoka. Haambiliki.

Mimi ni fundi sauti. Mwaka huu wenye wimbo waliniletea utepe niusafishe, utolewe upya. Shangazi alipopata habari akaja studio, akaweka mkoba mapajani.

"Mwanangu, pale mahali nitoe. Nisife nikaacha aibu yangu inaimbwa na watu."

"Shangazi, ile si aibu."

"Nimekuomba."

Nikanuna, lakini nikamtoa. Siku hizi mitambo inaweza kuchambua sauti moja ikaacha nyingine. Roho iliniuma, maana toleo jipya likishaenea, la zamani ndiyo basi tena. Nikamwekea asikilize.

Pakafika mahali pale, pasafi kabisa. Likabaki gita peke yake, linakimbia, linarukaruka noti.

Shangazi akainua kichwa. "Mbona ana haraka hivyo?"

"Anakufuata wewe."

"Lakini mimi sipo."

"Si umesema nikutoe?"

Kisha akaniomba nirudie. Safari hii gita lilipoanza kukimbia, akafumba macho na kuingia kwa sauti yake ya sasa, iliyokwaruzika, mapema vile vile. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Nirudishe," akasema. "Asije akafika akakuta hakuna mtu."