Suti Niliyomvalisha Mwenzangu

Kibanda chetu pale mpakani Malaba kinatazamana na foleni ya malori, na kazi yetu kubwa ni kuchora marehemu. Familia inaleta picha ya kitambulisho, mwenzangu anachora uso, mimi nachora nguo. Hata kama marehemu alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, aliyeshinda na fulana maisha yake yote, wenyewe wanataka suti na tai, basi namvalisha. Nyuso siziwezi, lakini kwa kola na tai sina mpinzani hadi Busia.

Mwaka huu mwenzangu alianza kukonda. Nilimwambia aende hospitali, akasema ni joto. Nikamwambia tena, akasema ni mawazo tu. Nilimkasirikia mpaka nikaacha kumwambia.

Siku moja kazi ilikuwa haba, tukakubaliana tutundike mlangoni picha ya mtu aliye hai, watu wajue hata wazima tunawachora. Yeye alikataa kujichora, kwa hiyo penseli nikaishika mimi. Uso ulinitoa jasho. Nilipofika shingoni mkono ukapata raha, ukaenda wenyewe.

Alipoiona alicheka kwanza. "Dada, uso umeharibu, lakini hii suti ni safi sana." Kisha akaisogeza karibu na macho. "Si mimi niko hai? Mbona umenivalisha ya mazishi?"

Niliona aibu, nikasema ni mazoea. Alichukua raba akafuta suti yote, karatasi ikabaki na weusi kifuani.

"Chora hii shati nimevaa."

Lilikuwa lile la bluu ambalo zamani vifungo vyake vilivutana tumboni. Sasa mshono wa bega ulikuwa umeteremka mkononi, na kola ilisimama mbali na shingo, vidole vingepita. Nilitamani kuibana ile kola kwa penseli, nimrudishie shingo yake. Lakini bado nilikuwa na hasira naye. Nikaichora ilivyo, nikamgeuzia karatasi.

Aliitazama sana.

"Kumbe inaonekana," akasema.

"Inaonekana. Kesho nakupeleka hospitali mimi mwenyewe."

Huyu mtu hubishana nami juu ya kila kitu, hata kama chai ina sukari au haina. Nilingoja abishe. Alifunga kifungo cha juu, akauliza tutaondoka saa ngapi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.