Bunduki Fupi na Ile Iliyokataa

Askari Wafaransa walipoingia Bunia, watu wa mtaa wetu wa Ngezi walitazama bunduki zao kwanza, nyuso baadaye. Vita ilikuwa imetufundisha sote mambo ya bunduki bila kutuuliza kama tunataka kujifunza. Kalash tuliijua kwa mlio na kwa umbo: mtutu mbele, kasha la risasi lililopinda katikati, kifyatulio nyuma yake, halafu kitako. Hizi za wageni zilikuwa fupi na nene, zina mkono mrefu wa kubebea juu yake, na kasha la risasi lilikaa nyuma ya kifyatulio, karibu kabisa na kwapa la askari.

"Hawa wameshika kinyume," alisema jirani yetu muuza makaa, na lupango zima, wote tulioishi kwenye kiwanja kile, likacheka. Tulikuwa hatujacheka hivyo tangu mapigano yaingie mjini.

Mjomba wangu hakucheka. Alikuwa fundi wa silaha katika jeshi la zamani. Kazi yake ilikuwa kupokea bunduki mbovu na kuirudisha nzima, mpaka jeshi lenyewe liliposambaratika, naye akarudi nyumbani kutengeneza baiskeli. Alisimama kwenye ua wa matete akaangalia doria ikipita hadi ilipokata kona.

"Hapana kinyume," alisema. "Mashine yote wameingiza ndani ya kitako. Mutu alifanya ile iko na akili. Lakini iko kitu alipoteza. Hauwezi kupata vyote."

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari. Shule ilikuwa imefungwa na madawati yake yameishia mekoni mwa watu, kwa hiyo waliponiita kuwa mkalimani wa doria nilikubali siku ile ile. Nilitembea nyuma ya koplo mmoja, kijana mwembamba mwenye masikio yaliyoungua jua. Watoto walimwita "Koplo" kama kwamba ndilo jina lake, na mimi pia nikamwita hivyo. Kazi yangu ilikuwa kuuliza watu nani amerudi nyumbani, nani hajarudi, nani anaogopa nani. Yeye aliandika, akanishukuru kila baada ya nyumba, hata pale tulipokuta nyumba tupu.

Alasiri moja mvua ilitukamata karibu na kwetu. Nikamwambia Koplo kwamba lupango la mjomba wangu liko hapo tu, akakubali tujikinge kwenye barza ya mbele ya nyumba. Askari wake wawili walibaki karibu na mlango wa ua. Mkaza mjomba alileta viti, chai ya tangawizi na karanga, kisha akarudi mlangoni pa nyumba. Alikuwa hapendi bunduki yoyote ivuke ua wake, hata ya mgeni mwenye adabu.

Mjomba aliketi mbele ya Koplo, mikono ameifunga nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa nyama sokoni. Macho yake yalitembea juu ya ile bunduki polepole. Kisha akaniambia, akiniita mama kama kawaida yake, "Mama, muulize. Yeye anapigia mushoto. Maganda ya risasi inatokea wapi?"

Sikuwa nimetambua kwamba Koplo anatumia mkono wa kushoto. Nilipotafsiri, Koplo akaweka kikombe chini na kucheka kwa mshangao. Akaeleza kwamba katika bunduki ya namna hii tundu la kutolea maganda liko nyuma, shavuni kabisa mwa mpigaji. Anayepigia kulia hana shida. Anayepigia kushoto angepata ganda la moto usoni kila risasi. Kwa hiyo fundi wao huhamisha vipande viwili ndani, na maganda yakatoka upande wa pili.

"Basi bunduki yake ni yake peke yake," mjomba alisema. "Rafiki yake akianguka, hawezi kuokota ya rafiki."

Nilitafsiri. Koplo akasema, "Anaweza. Lakini atajuta."

Kutoka hapo walisahau mvua, na walinisahau mimi pia isipokuwa kama mdomo wao. Majina ya vipande mjomba alikuwa nayo kwa Kifaransa cha jeshi. Mimi nilikuwa na sentensi za kuviunganisha. Koplo alisifu ufupi wa bunduki yake: unashuka nayo garini bila kukwama, unageuka nayo ndani ya chumba kidogo, na bado mtutu ni mrefu, kwa sababu unaanzia nyuma kabisa, begani. Mjomba aliuliza juu ya kifyatulio. Kikiwa mbali na mashine, lazima kuna fimbo ndefu ya kuviunganisha, na fimbo ndefu hufanya kifyatulio kiwe kizito kuvuta. Koplo akakiri. Mjomba akauliza juu ya kubadilisha kasha la risasi. Koplo akaonyesha kwa mikono mitupu jinsi mtu anavyolazimika kupeleka mkono chini ya kwapa, kama anayejikuna, na macho yakitaka kushuka kutazama. Askari mmoja pale mlango wa ua alitabasamu.

"Na risasi ikipasuka ndani," mjomba alisema, "inapasuka hapa." Akajigusa shavu.

"Hapo hapo," alisema Koplo.

Jambo moja mjomba alikosea. Alidhani vumbi letu jekundu lingeiua bunduki ile kwa wiki moja. Koplo akasema hapana, ukiisafisha kila siku inakwenda vizuri. Isipokuwa inachagua risasi. Ukiilisha risasi mbaya, inakataa. Mjomba alikubali kwa kichwa, ameridhika kama mwanafunzi aliyesahihishwa.

Ndipo Koplo akauliza swali ambalo nadhani alilitaka tangu mwanzo. "Papa, wewe umetengeneza bunduki maisha yako yote. Ungechukua ipi? Hii, au kalash?"

Mkaza mjomba, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani. Alijua kinachokuja, nami nilijua, kwa kuwa tulikuwepo sote siku ile.

Ilikuwa kabla wageni hawajafika, wakati mji ulipokuwa ukipita kila mara kutoka kundi moja la wapiganaji hadi jingine. Kijana wa wapiganaji aliingia kwetu peke yake, akamkuta mjomba uani. Mimi na mkaza mjomba tulilala kifudifudi chumbani, nikaona yote chini ya pazia. Kijana alimuuliza kabila. Mjomba alisema, "Siye ni watu wa Mahagi, kabila yetu haiko kwenye hii vita. Hatuna ugomvi na mutu." Kijana hakuamini. Akamwelekezea kalash kifuani, akavuta.

Ikatoka sauti ndogo, kavu.

Kijana alitaka kuvuta tena, na mjomba akamwambia, kwa sauti ile ile aliyozungumza nayo na wateja wa baiskeli, "Ngoja, mutoto yangu. Usivute. Risasi imekwama, itakupasukia weye mwenyewe. Leta niangalie."

Sijui kwa nini kijana alimpa. Labda hakuna aliyekuwa amezungumza naye hivyo kwa muda mrefu. Mjomba alifungua, akatoa kasha, akatazama ndani. Ilikuwa risasi moja iliyoota kutu, imesimama mlangoni mwa mtutu. Kazi ya kidole kimoja, alituambia baadaye. Niliuona mgongo wake ukiwa umekakamaa, naye ameishika kalash ambayo kwa kidole kimoja ingepona na kuwa yake. Kisha akasema, "Hii imekufa. Springi imeisha. Haitapona tena." Akamrudishia.

Kijana akakaa kwenye ngazi ya barza. Alisema mkubwa wake atampiga. Halafu akauliza kama kuna chakula. Mkaza mjomba alitoka chumbani, magoti yana vumbi, akampa fufu baridi, ugali wa muhogo, na mboga ya sombe. Alikula, akanawa, akaenda zake akiburuta bunduki kama jembe.

Hayo ndiyo mjomba alimsimulia Koplo, na mimi niliyatafsiri. Mwisho akasema, "Mwambie ningechukua ile iliyokataa."

Koplo alitazama miguu yake. "Muulize kwa nini hakumpiga alipoishika."

Niliuliza. Mjomba alinitazama mimi, wala si yeye. "Mwambie alikuwa na njaa."

Mvua ilikuwa imepungua. Koplo alisema taratibu kwamba yeye, kila asubuhi akimaliza kuisafisha bunduki yake, huomba Mungu isimkatae. Alikuwa na haya kulisema mbele ya mzee. Nilipolitafsiri, mjomba alinyoosha mkono, akamgusa goti.

"Iko na haki," alisema. "Yeye anakaa nyuma ya bunduki. Siye tunakaa mbele. Mwambie nitamuombea vilevile."

Koplo na wenzake waliondoka kabla mwaka haujaisha, wakaja askari wa nchi nyingine na bunduki nyingine, na mjomba hakutoka tena kuwaangalia. Wapiganaji walipoanza kurudisha silaha, alifuatwa nyumbani aende kuzikagua. Alikwenda siku chache. Jioni moja alirudi, akakaa bila kuvua viatu, akaniambia, "Zile bunduki zimezeeka kuliko watoto wanaozileta. Na zinapiga, mama. Zote." Hakurudi kule.

Baadaye alihamia Mahagi kwa binti yake, na huko ndiko alikofariki, kwa ugonjwa wa kawaida, kitandani, amezungukwa na watu. Tulilia, lakini kwa shukrani. Si wengi wa umri wake waliopata kifo cha namna hiyo.

Mkaza mjomba anaishi nami sasa. Mimi nimerudi darasani. Vita haijaisha vijijini, inalala, inaamka. Mlango ukigongwa kwa nguvu, yeye ndiye anayeinuka kufungua, ingawa miguu inamuuma. Nikimzuia husema, "Kaa. Weye uko na wanafunzi kesho."